Ukienda Lamu na Watoto, Utalala Wapi?

Zamani mtu wa Mombasa, wa Malindi au wa Vanga akisafiri kwenda Lamu hakuwa na haja ya kuuliza atalala wapi. Alikuwa na shangazi, au mke wa ami yake, au mtu aliyesoma naye chuoni, na kama hakuwa na yeyote kati ya hawa basi alibisha hodi kwa jamaa wa jamaa yake, akapewa mkeka, mto na chakula. Kusikia ya kwamba fulani amelala katika nyumba ya kulipia, hali ana ndugu mjini, ilikuwa ni aibu ya ndugu yule kabla ya kuwa aibu ya mgeni. Mambo hayo hayakwisha kabisa, kwani hadi leo wageni wengi wa Maulidi hupokewa majumbani mwa watu. Lakini asiyeona kwamba yamepungua, na ya kwamba yanazidi kupungua mwaka hadi mwaka, huyo ama hajasafiri au hataki kusema.

Mimi naona heri tuseme, kwa sababu habari za malazi ya Lamu zinapoandikwa huandikwa kana kwamba anayetafuta kitanda ni Mzungu peke yake, naye amekuja na mkewe, hana mtoto wala mama mkwe. Mimi ni baba wa watoto watatu. Mkubwa ana miaka 9, na mdogo ndiyo kwanza ajue kukimbia. Mke wangu ni mwenye kujisitiri. Nimekwenda nao Lamu mara kadhaa, mara nyingine kwa Maulidi na mara nyingine kwa matembezi tu, na kila mara suala la malazi limenipa kazi kuliko suala la nauli. Nauli inajulikana: unapanda basi Mombasa, unapita Malindi, Garsen na Witu, unashuka Mokowe na kuingia mashuani. Njia ile ambayo wazee wetu waliijua kwa matope sasa ina lami. Shida huanza ukishapanda gatini, watoto wamechoka, na vijana watano wamekwisha kushika mizigo yako, kila mmoja anakuitia gesti yake.

Kwanza tutazame kwa nini nyumba za jamaa zimepungua, maana bila ya kulifahamu hili mtu atadhani watu wa Lamu wamekuwa wachoyo, na si hivyo hata kidogo.

Nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani ilijengwa kwa ajili ya ukoo. Mara nyingi baba alimjengea binti yake, ama akamwongezea orofa juu ya nyumba ya mama yake, ili atakapoolewa mume ndiye aje kwake. Ndiyo maana utaona mawikio, vile vyumba vilivyovuka kichochoro kwa juu kutoka nyumba moja hata nyumba ya pili, ambavyo viliwafanya wanawake wa ukoo mmoja waweze kutembeleana bila ya kutoka njiani. Ilikuwa nyumba ya watu wengi na watoto wengi. Kisha huja mirathi. Sheria yetu inampa kila mwenye haki fungu lake, na hilo hapana wa kulipinga, lakini nyumba haikatwi mafungu kama shamba. Vikipita vizazi viwili, nyumba moja huwa na warithi 20 au 30, mmoja Mombasa, mmoja Maskati, mmoja Jeddah, na hapana hata mmoja ambaye yu tayari kutoa fedha zake kununua chokaa na boriti za nyumba asiyoikaa. Masika mawili matatu yakipita juu ya sakafu isiyotengezwa, boriti huanza kuoza. Hapo hutokea mnunuzi mwenye fedha taslimu, na fedha taslimu hugawika vizuri kuliko dari.

Mnunuzi huyo, tangu miaka ya 1990 hivi, mara nyingi amekuwa ni mgeni kutoka Ulaya, khasa katika kijiji cha Shela. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inasema kwamba asiyekuwa raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda wake usizidi miaka 99. Watu husema basi, kumbe ardhi haijapotea. Kwa mwenye mali ni kweli haijapotea, lakini miaka 99 ni umri wangu, umri wa mwanangu, na pengine na wa mjukuu. Nyumba ambayo bibi yangu angelala bure, mimi nalala kwa kulipa, na mjukuu wangu atalipa vile vile.

Siwalaumu wanunuzi kwa yote. Wako waliozikuta nyumba zimebaki magofu na punda wamelala ndani yake, wakazisimamisha kwa chokaa na mafundi wa pale pale, na kazi hiyo imewapa vijana riziki na kuuhifadhi ufundi. Mji wa Lamu ulipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, haukutiwa kwa sababu ya ngome yake tu, bali kwa sababu ni mji ambao watu wanakaa ndani yake na kuishi kama walivyoishi. Hapo ndipo penye suala langu. Ikiwa nyumba zote nzuri zitakuwa za kulaza wageni wawili wawili, na mtu wa Pwani mwenye watoto hana pa kulala, basi ni maisha gani hayo yanayohifadhiwa?

Nikisema wawili wawili sisemi kwa mzaha. Nenda kaulize. Chumba kina kitanda kimoja kikubwa cha nakshi, chandarua kimefungwa juu kama pazia la arusi, maua ya asumini yametawanywa juu ya shuka. Ukisema tuko watano, mwenye nyumba ataanza kuhesabu kwa vidole: wewe na mama chumba kimoja, hawa wawili chumba cha pili, na huyu mdogo tutaona. Huyo "tutaona" nimemlipia mara moja kwa bei ya godoro lililotandikwa chini karibu na mlango. Chumba cha pili kilikuwa orofa ya juu yake, kimepakana na chumba cha wageni wengine tusiowajua. Ni mzazi gani atakayelaza watoto wa miaka 9 na 6 orofa nyingine, katika nyumba asiyoizoea, kisha akapata usingizi?

Na ajabu ya mambo ni kwamba ramani ya nyumba ile ya kale ilikwisha kulitatua tatizo hili kabla ya hoteli kubuniwa. Msomaji asiyeingia nyumba ya Lamu na afikiri hivi. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana, kwa hiyo chumba huwa chembamba, upana wake kiasi cha futi 9, lakini ni kirefu. Vyumba hivi vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Ukitoka dakani, penye mabaraza ya mlangoni ambapo wanaume huketi, unaingia tekani, kisha kiwandani, nacho ni uwa wa ndani ulio wazi juu (watu wa bara wakisikia kiwanda hudhani pana mashine). Kutoka kiwandani kuna msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, nyuma yake tena ndani yenyewe, ambapo ndipo penye zidaka za kuwekea vyombo vya China na ndipo pa mama mwenye nyumba. Kila ukizidi kuingia sakafu hupanda kidogo, na kila ukipanda unazidi kuwa mahali pa siri. Mama akilala ndani na watoto wakalala msana, hapana mtoto atakayetoka bila ya baba aliyelala mbele kumsikia, na hapana mtu wa nje atakayeingia bila ya kupita watu watatu.

Na mgeni je? Mgeni alikuwa na sabule. Hiki ni chumba kilichotengwa karibu na mlango, pengine kina ngazi yake, ambacho tajiri aliyekuja na msimu aliweza kukaa humo akisubiri upepo ugeuke, akala na akaheshimiwa, na wala jicho lake lisifike ndani. Walioijenga nyumba hiyo walijua tofauti ya mgeni na mwenyeji na wakampa kila mmoja mahali pake. Nyumba nyingi zilizogeuzwa gesti zimefanya kinyume. Zimevunja mpango ule, zikatia kuta katikati ya misana, zikafunga kila kipande kwa kitasa na kukiita chumba cha wawili. Hivyo nyumba ya watu 15 imekuwa nyumba ya watu 10 wasiojuana.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye watoto ni kwamba asitafute chumba, atafute nyumba nzima au orofa nzima yenye ngazi yake. Bei itakayotajwa mwanzo itamshtua, lakini aigawe kwa vichwa. Nyumba nzima wakiichukua watu wa familia mbili, yaani wewe na dada yako na watoto wenu, mara nyingi hushuka chini ya bei ya vyumba vitatu vitatu. Fauka ya hayo mna jiko. Asiyesafiri na mtoto wa miaka miwili hajui thamani ya jiko. Mtoto hataki samaki wa nazi wa hotelini saa tatu ya usiku, anataka uji saa kumi na mbili za asubuhi, nao uji hauko katika orodha ya vyakula vya gesti yoyote niliyoingia. Ukiwa na jiko lako, soko liko mbele ya ngome, samaki na ndizi na mahamri yapo karibu, na hasara ya chakula cha kununua mara tatu kwa siku kwa watu watano hukuepuka.

Ushauri wa pili ni mzito zaidi, nao ni juu ya usalama. Nyumba za Lamu zilijengwa kwa watoto waliozaliwa humo. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba huijua ngazi yake kabla ya kujua kusema, na pana mashangazi sita wa kumtazama. Mwanangu mimi amezaliwa katika nyumba ya chini Mombasa, ngazi kwake ni mchezo. Nayo ngazi ya Lamu ni nyembamba, imesimama wima, vipandio vyake ni virefu na havilingani, mara nyingi haina pa kushikia, na usiku umeme ukikatika ni giza tupu. Juu yake ni darini. Darini ndipo pazuri kuliko pote, ndipo penye upepo, na nyumba nyingi zimepaezeka makuti na kuweka viti. Wenye nyumba wote hukimbilia kukupandisha huko kabla ya kukuonyesha choo. Tazama ukingo wake. Nimeingia nyumba ambayo ukuta wa ukingo ulinifika magotini, na kando yake pameegemezwa benchi zuri la kukalia. Mtoto akipanda juu ya benchi hilo, kilichobaki ni kichochoro cha mawe chini ya orofa mbili. Mke wangu alimshika mdogo mkono tangu tulipoingia hata tulipotoka, na hatukukaa hapo.

Kisha birika. Katika nyumba nyingi za kale choo kina birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na desturi ya zamani ilikuwa kutia humo visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu. Ni akili kubwa, na watoto hupenda kuvitazama visamaki hivyo. Lakini birika lenye kina cha kufika kiunoni mwa mtu mzima ni kisima kwa mtoto wa miaka miwili. Uliza kama lina maji, uliza kama lina mfuniko, uliza kama mlango wa choo una komeo kwa nje na juu. Vile vile baadhi ya nyumba za siku hizi zina kidimbwi cha kuogelea uwani. Katika picha za intaneti kidimbwi hicho hupendeza sana, wala hakuna picha iliyonionyesha uzio.

Mbu wako, khasa baada ya mvua. Chandarua kilichotanda kitanda cha wazazi hakimsaidii mtoto aliye juu ya godoro la chini, kwa hiyo chukua chako kutoka nyumbani na kamba yake. Maji ya mji hutoka katika visima vya machungu ya mchanga ya Shela, ambayo hunywa mvua na kuihifadhi, na kwa kuwa watu wamezidi kuliko zamani yapo maeneo ambapo maji ya kisimani yana chumvi. Kwa mtoto tumia ya kuchemsha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenye kuandika habari za utalii hawaligusi, nasi tunaliogopa tusije tukaonekana washamba. Mwanamke wa Kiislamu akisafiri na watoto anataka mahali atakapovua buibui lake. Hilo tu. Anataka aweze kukaa uwani akamwogesha mtoto bila ya mwanamume asiyemhusu kupita akienda chumbani kwake. Katika gesti ya vyumba, uwa ni wa wote, darini ni pa wote, na mhudumu ni kijana anayepanda na kushuka. Nimemwona mama mmoja, si mke wangu, aliyekaa siku tatu Lamu ndani ya chumba cha futi 9 huku mumewe akitembea na kusema jinsi mji ulivyo mzuri. Hiyo si likizo. Na habari ya pombe ni hiyo hiyo. Katika mji wenyewe ni mahali pachache panapouzwa, lakini Shela ni zaidi, na ziko nyumba ambazo darini hugeuka baa jua likizama. Mwenye nyumba mwungwana ukimwuliza kwa simu kabla ya kutoa arubuni atakwambia kweli, na hatakasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa, nyumba yake haitufai.

Kuhusu mtaa gani, watu hubishana, nami nina rai yangu. Wengi husema Shela kwa sababu ya ufuo, na ni kweli mchanga wake unakwenda maili nyingi na watoto wataufurahia. Lakini mkondo wa maji pale kwenye mlango wa bahari una nguvu, jua halina kivuli, na kutoka Shela hata mjini ni kiasi cha kilomita 3. Mtoto akipandwa na homa saa saba za usiku, Hospitali ya King Fahd iko mjini, na wewe itakubidi utafute mashua au utembee kwa miguu na mtoto mgongoni. Kwa mwenye watoto wadogo mimi nasema akae mjini, na aende Shela asubuhi na kurudi adhuhuri.

Na ndani ya mji, ukija kwa Maulidi utapenda kuwa Langoni, karibu na msikiti wa Riyadha ambao Habib Swaleh ndiye aliyeuasisi, maana huko ndiko kwenye matwari na zefe na watu. Bali jua kwamba hapalaliki. Sherehe ni sherehe, na mtu aliyekodi chumba mbele ya uwanja kisha akalalamika kuwa watoto hawakulala ameyataka mwenyewe. Mkomani ni kimya zaidi, vichochoro vyake ni vyembamba na vya kivuli, na kutembea hata Riyadha ni mwendo mfupi. Magari hayaingii katika vichochoro hivyo, na hiyo ni raha kubwa kwa mzazi aliyezoea kumshika mtoto mkono kwa hofu ya tuktuk. Badala yake pana punda. Punda wa Lamu hasimami wala hapigi honi. Anakuja na mawe au mchanga ubavuni, na kichochoro kina upana wake yeye na mzigo wake tu. Siku ya kwanza nawafundisha watoto wangu neno moja, ukutani, na wakilisikia hugandama ukuta kama mijusi. Mahali pa kuwachunga zaidi ni pwani yenyewe, penye gati na ukuta wa bahari usio na kizuizi, na ndani ya mashua. Usipande mashua ya Mokowe wala ya Manda mpaka kila mtoto amevaa jaketi la kuelea linalomkaa. Nahodha atasema ni hapo tu. Mwambie asubiri.

Mchana watoto hawakosi pa kwenda. Ngome, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1800 na ikatumiwa kuwa jela hadi mwaka 1984, sasa ni ya Makumbusho na watoto hupenda kupanda kuta zake. Iko nyumba ya kale iliyopangwa vyombo kama ilivyokuwa, na hiyo nawahimiza wazazi waiingie siku ya kwanza, kabla ya kuafikiana juu ya malazi ya siku ya pili, kwani ukishaiona utajua nini kimevunjwa katika gesti uliyolala. Na iko hospitali ya punda, tangu mwaka 1987, ambayo kwa wanangu imeshinda ngome na makumbusho yote.

Bado sijasema lipi liko mikononi mwa wakubwa. Biashara ya Lamu imepigwa mara kwa mara: utekaji nyara wa watalii mwaka 2011, mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na amri ya kutotoka usiku iliyofuata, kisha maradhi ya korona mwaka 2020. Kila mara Wazungu walipokatika, wenye gesti walikumbuka kwamba wako Wakenya, wakapunguza bei, wakatutangazia. Wazungu wakirudi, bei hupanda na vyumba hurudia kuwa vya wawili. Tangu Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya limefunguliwa upande wa bara, na watu wa kazi na biashara nao wanataka kulala. Mwenye watoto yuko nyuma ya foleni, kwa sababu yeye ndiye anayelipa kidogo na kuvunja vikombe.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 imeunda mamlaka ya kutoa leseni kwa nyumba za wageni na kuzikagua. Ningependa mkaguzi akipanda darini apime ukingo, na asimame kimo cha mtoto wa miaka 4. Wenye nyumba hujibu kwamba huu ni mji wa urithi, hairuhusiwi kugeuza kitu. Hilo ni neno la kukwepa. Kugeuza ukuta wa kale kuna masharti, ndiyo, lakini kilango cha mbao cha kuzuia ngazi, mfuniko wa mbao juu ya birika, na wavu wa kamba ya nazi darini havigusi ukuta wowote, vinaondoka wakati wowote, na mafundi seremala waliojaa katika barabara ya Usita wa Mui wanaweza kuvitengeza kwa siku moja, tena kwa nakshi. Serikali ya kaunti ikitaka kutangaza utalii wa wenyeji na ianze hapo.

Liko na la wakf. Wazee wetu waliweka wakf misikiti, visima na mashamba. Sijaona sababu ya nyumba moja ya Mkomani, yenye warithi 30 wasioelewana, isiwekwe wakf kwa makubaliano yao na ikalaza familia za wasafiri kwa bei ya kiasi, mapato yakatengeneza boriti zake na ziada ikaenda chuoni. Warithi wanaokubaliana ni wachache kuliko nyumba zinazoanguka, najua. Hata hivyo rai hii nimewapelekea watu wawili wenye hisa katika nyumba ya namna hiyo, na mmoja wao hakucheka.

Kwa mwaka 2026 Mfungo Sita unaangukia Agosti na Septemba, wakati wa kusi, bahari ikiwa na mawimbi lakini hewa ni baridi na bei za Disemba hazijafika. Maulidi ya Lamu hufanywa mwisho mwisho wa mwezi huo. Atakaye nyumba nzima na aanze kuuliza miezi miwili mbele, aulize kwa mtu anayekaa Lamu aende akaione kwa macho yake, na ampe kazi ya kupima vitu vitatu kwa shubiri: kimo cha ukingo wa darini, kina cha birika, na upana wa kipandio cha ngazi. Arubuni itumwe majibu yakisharudi.